UZI: Namba ya kitambulisho si siri. Mbona basi tunaitumia kama ufunguo?

1/
Wadau, uchaguzi ukikaribia swali hili hurudi: mtu anaweza kweli kutumia kitambulisho chako bila kukiiba mfukoni? Anaweza. Leo naeleza inavyofanyika, siasa inaingilia wapi, na wewe ufanye nini. Sheria za hapa mnazijua: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama, hakuna matusi. Ni refu, kwa hivyo weka chai.

2/
Nianze na safari. Jumanne nilitoka Thika kwenda Ruiru, nikarudi jioni. Niliamua kuhesabu ni mara ngapi nitaulizwa namba ya kitambulisho. Jengo la ofisi mjini Thika, soja wa mlangoni: andika jina, namba ya kitambulisho, simu, saa ya kuingia. Ajenti wa M-Pesa karibu na steji: nikaonyesha kitambulisho, akanakili namba kwa daftari. Hizo ni mbili kabla hata sijapanda matatu.

3/
Ruiru, geti la mtaa mmoja upande wa Membley: kitambulisho chenyewe kikabaki kwa soja hadi nitoke. Kisha kikao cha maoni ya wananchi: karatasi ya mahudhurio ikapita mkono kwa mkono. Jina, namba ya kitambulisho, simu, saini. Nikirudi stejini, kijana wa mwavuli anayesajili laini akanisimamisha. Huyo nilimkataa. Mara nne nimetoa, mara moja nimekataa. Siku moja. Na mimi ndiye mtu wa kuandika nyuzi kama hizi.

4/
Ile karatasi ya kikao ndiyo iliyonikaa kichwani. Nilikuwa mtu wa 37. Kabla ya kutia saini niliweza kusoma majina, vitambulisho, simu na saini za watu 36 walionitangulia. Ningetoa simu nipige picha, hakuna ambaye angeuliza. Na hatukuambiwa karatasi hiyo inaenda wapi baada ya kikao.

5/
Sasa maana. Wizi wa utambulisho ni mtu kuchukua taarifa zinazoonyesha wewe ni nani (jina kamili, namba ya kitambulisho, simu, saini, picha, alama za vidole) akajifanya wewe. Kuna anachokuchukulia, kwa kawaida pesa. Na kuna anachokuachia: deni, laini usiyoijua, uanachama usioujua, pengine kesi. Watu wengi huogopa cha kwanza. Cha pili ndicho hudumu.

6/
Kwa sheria ni kosa. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, kifungu cha 29: ukitumia kwa ulaghai neno la siri, saini ya kielektroniki au alama nyingine ya pekee ya mtu mwingine, ni faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kwa hivyo tusidanganyane ati hakuna sheria. Iko.

7/
Siasa inaingia hapa. Juni 2021 Wakenya walianza kuingia eCitizen kuangalia kwa Msajili wa Vyama vya Siasa kama wameandikishwa chama. Mnakumbuka kelele za wiki ile. Watu ambao hawajawahi kuomba kadi ya chama chochote walijikuta wanachama. Malalamiko yakafika hadi kwa Kamishna wa Data, ofisi ambayo wakati huo ilikuwa haijamaliza hata mwaka.

8/
Mdogo wangu anaishi Kiganjo, Thika. Mwaka 2022 alitaka kazi ya muda ya ukarani wa uchaguzi. Kazi hizo hutaka mtu asiyeegemea chama. Akafungua eCitizen ili kuhakikisha tu. Akajikuta mwanachama wa chama ambacho hajawahi hata kuvaa kofia yake. Jina ni lake. Namba ya kitambulisho ni yake.

9/
Tulikaa naye jioni nzima tukijaribu kukumbuka ni wapi namba ilitoka. Fomu ya basari ya mtoto? Orodha ya chama cha akina mama? Ule mkutano wa uwanjani ambapo watu walipewa leso na wakaandikwa majina? Kusajili laini? Kila tukitaja pahali, pahali hapo pangewezekana. Hadi leo hatujui. Ndiyo shida ya kuacha namba yako kila mahali: ikitumiwa vibaya, huwezi kuonyesha mlango uliopitiwa.

10/
Nikampa ushauri wa haraka: "Jiuzulu tu, tuendelee." Wengi walifanya hivyo, ndiyo ilikuwa njia nyepesi. Akajiuzulu. Shida ni hii: ukijiuzulu unakubali kwamba ulikuwa ndani. Sasa rekodi yaweza kusomeka kwamba alikuwa mwanachama hadi tarehe fulani, kisha akatoka. Kazi ile hakuomba. Aliogopa kuulizwa swali hilo kwa mahojiano akose karatasi ya kuonyesha. Ushauri ulikuwa wangu, na ulikuwa mbaya.

11/
Tulichopaswa kufanya: kwanza kupiga picha ya skrini yenye tarehe. Pili kuandika kwamba taarifa ni ya uongo na irekebishwe au ifutwe. Haki hiyo iko kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 26. Kujiuzulu ni kwa mtu aliyejiunga. Kwa mtu aliyeandikwa bila kujua, neno ni "kufuta". Ukikumbuka jambo moja tu kwa uzi huu, kumbuka hilo.

12/
Mtu atauliza: chama kinanitaka mimi wa nini, sina pesa, sina jina? Jibu liko kwa Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011. Chama kikisajiliwa kwa muda kina siku 180 kuomba usajili kamili. Ili kipate, kinahitaji wanachama wasiopungua 1,000 ambao ni wapiga kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Kaunti ni 47, kwa hivyo ni kaunti 24. Zidisha: majina 24,000, kila moja na namba yake ya kitambulisho.

13/
Sasa jiweke kwa viatu vya yule kijana aliyetumwa kutafuta majina 1,000 kwa kaunti moja, muda unaisha. Anaweza kutembea nyumba kwa nyumba akifafanua manifesto. Au anaweza kutafuta daftari ambalo tayari limejaa majina, vitambulisho na simu. Hapo ndipo karatasi ya mahudhurio inakuwa na bei.

14/
Hapa niwe muungwana. Si kila jina lisilotarajiwa limeibwa. Kuna mtu alitia saini mwaka 2012 akasahau. Kuna aliyejiandikisha ili apige kura ya mchujo ya jamaa yake. Kuna tarakimu moja iliyokosewa na karani. Lakini mzigo wa kuthibitisha si wako. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinasema anayeshika data ndiye anapaswa kuonyesha kwamba ulikubali. Waulize: saini yangu iko wapi?

15/
Kuna hoja nasikia kwa mijadala: "Vyama huiba majina ili vipate pesa nyingi za serikali." Si hivyo hasa. Sehemu kubwa ya Mfuko wa Vyama vya Siasa hugawanywa kwa hesabu ya kura zilizopatikana, wala si wingi wa wanachama waliosajiliwa. Tukitaka kuwabana watu, tuwabane kwa ukweli. Faida ya majina ni usajili kamili, na kuonekana una watu.

16/
Madhara kwako ni nini? Moja, kazi zinazotaka mtu asiye na upande, kama ya mdogo wangu. Mbili, ukitaka kugombea kama mgombea huru: Katiba, ibara ya 85, inataka usiwe mwanachama wa chama kilichosajiliwa kwa angalau miezi 3 kabla ya uchaguzi. Tatu, sheria haikubali uwe kwa vyama viwili. Siku utakayotaka kujiunga na chama chako kwa hiari, utakuta nafasi yako imekaliwa na uamuzi wa mtu mwingine.

17/
Tutoke kwa siasa kidogo tuingie mfukoni, maana njia ni ile ile. Mama yangu anauza mboga soko la Makongeni. Ijumaa moja alipigiwa simu na mtu mwenye adabu sana. Alimwita kwa majina yake yote matatu, akamsomea namba ya kitambulisho bila kukosea. Akasema wanahakiki laini. Akaomba kitu kidogo tu: mtu wa mwisho uliyemtumia pesa ni nani? Mama akasema. PIN hakuombwa na hakutoa.

18/
Jumapili akiwa kanisani simu ikapoteza mtandao. Akadhani ni kanisa. Jioni bado. Jumatatu alipoenda kurudishiwa laini, pesa zote za stoki zilikuwa zimetolewa, na mkopo wa simu ulikuwa umechukuliwa juu yake. Siku tatu hakufungua kibanda. Kampuni sitaitaja, na si lengo langu. Lengo ni sentensi aliyosema: "Lakini mimi PIN sikumpa mtu."

19/
Tumefundishwa kwamba ukificha PIN uko salama. Haitoshi. Mwizi wa laini haihitaji PIN yako ya zamani. Anahitaji kumshawishi mtu kwamba yeye ni wewe, ili laini yako ihamishiwe kadi mpya mkononi mwake. Akiipata, meseji zote za kuthibitisha zinaingia kwake, na anaweka PIN mpya. Na anathibitisha kwamba yeye ni wewe kwa nini? Kwa jina kamili, namba ya kitambulisho na maswali machache. Vitu vilivyoandikwa kwa daftari la geti.

20/
Hapo ndipo hoja yangu yote iko. Namba ya kitambulisho ni kama jina: kazi yake ni kututofautisha, wewe na mwingine mwenye majina kama yako. Jina halijawahi kuwa siri. Lakini ofisi nyingi zinaichukua kama ushahidi kwamba anayeitaja ndiye mwenyewe. Haiwezekani namba iandikwe kila geti kutoka Thika hadi Nairobi na wakati huo huo iwe ufunguo wa pesa zangu.

21/
Hatuko peke yetu. Marekani ilianza kutoa namba za hifadhi ya jamii mwaka 1936 kwa hesabu za mishahara na pensheni tu. Baadaye mabenki na hospitali zikaigeuza kuwa ufunguo, na wizi wa utambulisho ukawa janga. Korea Kusini, baada ya data za kadi za benki za mamilioni ya watu kuvuja Januari 2014, ilibana Agosti mwaka huo huo: kampuni isikusanye namba ya mkazi bila sheria kuiruhusu. Waliona kwamba ambacho hakijakusanywa hakivuji.

22/
Sasa hoja tatu mtakazosikia hadi Agosti 2027. Ya kwanza: "Namba moja mpya ya kidijitali itamaliza wizi." Ya pili: "Serikali inataka kutupeleleza, tusitoe chochote." Ya tatu: "Wananchi ndio wajinga, wanagawa taarifa." Kila moja ina ukweli nusu. Tuzipitie.

23/
Ya kwanza. Huduma Namba ilikuja 2019 na ahadi hiyo. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikasema utoaji wa kadi ulikuwa batili, kwa sababu tathmini ya athari kwa ulinzi wa data haikufanywa kwanza. 2023 ikaja Maisha Namba, nayo ikafika kortini. Namba mpya yaweza kusaidia ikiwa na njia ya kuthibitisha mtu bila kuandika namba yake kwa daftari. Ikiwa soja bado ataiandika kwa kalamu, tumebadilisha namba tu.

24/
Ya pili. Kukataa kila kitu hakuwezekani: unahitaji laini, benki, hospitali. Na cha ajabu, tunaogopa serikali lakini mwaka 2023 foleni ilizunguka KICC watu wakipigwa picha ya mboni kwa sarafu za kidijitali za karibu shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha zoezi hilo la Worldcoin Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Namba unaweza kubadilishiwa. Jicho je?

25/
Ya tatu ndiyo huniudhi. Mama yangu si mjinga. Hakuchagua kuandika namba yake getini, alizuiwa kuingia bila kuiandika. Ibara ya 31 ya Katiba inasema taarifa za maisha yako binafsi zisitakiwe wala kufichuliwa bila sababu. Na kifungu cha 29 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinamtaka anayekusanya akuambie kwanza anakusanya kwa nini na nani mwingine atapewa. (Kifungu cha 29 kwa sheria zote mbili, rahisi kukumbuka.) Ni lini soja aliambiwa hilo na mwajiri wake?

26/
Na sheria ikitumika, inauma. Septemba 2023 Kamishna wa Data alitoza faini shule moja shilingi milioni 4.55 kwa kutumia picha za watoto bila idhini ya wazazi, mkopeshaji wa kidijitali milioni 2.975, na klabu moja milioni 1.85. Kwa hivyo nguvu iko. Kinachokosekana ni nguvu hiyo kufika kwa daftari la geti na karatasi za mikutano.

27/
Haya, mambo ya kufanya LEO, ukiwa hapo ulipo:
- Piga *106#. Utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako kwa mtandao huo. Usiyoijua, iripoti. Wale waliosajili kwa mwavuli wakati wa ule msukumo wa 2022, hii ni yenu.
- Kama uko Safaricom, piga *100*100#. Inazuia laini yako kubadilishwa na ajenti, hadi ufike dukani mwenyewe.
- Ingia eCitizen, kwa Msajili wa Vyama, uangalie uanachama wako.

28/
- Omba ripoti yako ya CRB. Una haki ya moja bure kila mwaka. Mkopo usioujua utauona hapo kabla benki haijakukatalia.
- Ukipigiwa simu ya "kuhakiki", kata. Safaricom hupigia wateja kwa 0722 000 000 pekee. Mtandao wowote ule, kata kisha upige wewe namba ya huduma unayoijua.
- Ukitoa nakala ya kitambulisho, andika juu yake kwa kalamu: "Ya kukodi nyumba tu", na tarehe. Nakala hiyo haitafaa kwa kazi nyingine.
- Getini, omba kuonyesha badala ya kuacha. Wengine watakataa. Wengine, utashangaa, watakubali.

29/
Simu ikipoteza mtandao ghafla na aliye kando yako anao, usingoje jioni kama mama. Azima simu, pigia mtandao wako wafunge laini, kisha benki. Halafu polisi, upate namba ya OB. Kitambulisho kikipotea pia, OB siku hiyo hiyo. OB haishiki mwizi, nakubali. Kazi yake ni kuonyesha kwamba kuanzia tarehe hiyo, kitakachofanywa kwa jina lako si lazima ni wewe.

30/
Ukiandikwa chama bila kujua: picha ya skrini, barua kwa chama ukitaka wakuonyeshe saini yako na wafute, nakala kwa Msajili. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Sheria inataka malalamiko yachunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku 90, na unaweza kupewa fidia. Usijiuzulu kwanza.

31/
Na kwa watakaokuja kuomba kura zetu, kutoka ukumbi wa kanisa Ruiru hadi uwanja wa Thika, nina maswali matatu, yaulizeni bila kujali rangi ya kofia. Karatasi hii ya mahudhurio itaharibiwa lini? Nani alikagua saini za wanachama wenu? Na mkishika kaunti, majengo ya kaunti yataacha kuandika vitambulisho kwa daftari? Hilo la tatu halihitaji hata bajeti.

32/
Mama amefungua kibanda, na simu yake ina ile *100*100#. Mdogo wangu naye anataka ukarani wa 2027. Mwezi uliopita tuliandika barua, mara hii vizuri: haombi kutoka, anaomba wathibitishe aliingia lini na kwa saini ipi, au wafute mwanzo hadi mwisho. Tunahesabu siku. Jibu likija, liwe lolote, nitaliweka hapa.

33/
Kikao kingine Ruiru ni wiki ijayo. Nitaandika jina na wadi yangu, na pale kwa namba ya kitambulisho nitaweka mstari. Akiuliza mtu, nitamuuliza kwa heshima: ni ya nini, na inaenda wapi? Ukiwa hapo, kaa karibu nami tuulize wawili. Sasa shika simu upige *106#, kisha uniambie umekuta laini ngapi.